Vyombo vya Tambuu: Tuirithi Nakshi, Tusiurithi Uraibu

Kila sifa njema inamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote, aliyekifanya kizuri kila alichokiumba. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake na wote wanaomfuata kwa wema hadi Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, leo napenda tuzungumze juu ya kitu kidogo ambacho huenda kimo ndani ya kasha la bibi yako, kimefungwa kwa kitambaa na kusahauliwa. Nakusudia kijaluba cha tambuu na wenzake: mkasi wa kukatia popoo, kikopo cha chokaa, kijiti cha kuchotea chokaa hiyo na chombo cha kutemea. Vitu hivi vilikuwa vya matumizi ya kila siku, lakini mafundi walivitia nakshi kwa uangalifu ambao leo hatuuoni hata katika vitu vya fahari. Wazee wetu wanapotangulia mbele ya haki na makasha yao yanapofunguliwa, familia nyingi hujiuliza: je, vyombo hivi tuvifanye nini?

Katika kulijibu swali hilo watu wamegawanyika makundi matatu. Wako wanaosema kwamba hivi ni vyombo vya uraibu, basi vitupwe jalalani, kwani Muislamu hana haja navyo. Wako wanaoviona kuwa ni vyuma chakavu, wakaviuza kwa bei ya kilo kwa mpita njia wa kwanza. Na wako wanaosema kwamba madhali babu na bibi zetu walivipamba namna hii, basi tambuu ni urithi wetu, na anayeikataza anatutenga na asili yetu. Kwa mtazamo wangu, makundi yote matatu yamekosea mahali pamoja: hayakutenganisha kati ya chombo na kile kilichomo ndani ya chombo. Nakshi ni jambo moja na popoo ni jambo jingine. La kwanza linastahili kurithiwa, na la pili linastahili kuachwa. Hiyo ndiyo hoja yangu, na nitaieleza insha Allah hatua kwa hatua.

TAMBUU NA HESHIMA YA MGENI

Tusianze kwa kuwadharau waliotutangulia. Mwaka 1331 msafiri mashuhuri wa Kiislamu, Ibn Battuta, alifika Mogadishu kabla ya kuendelea hadi Mombasa na Kilwa. Katika maelezo ya safari yake anasimulia kwamba alipopokewa na mtawala wa mji huo aliletewa sahani yenye majani ya tambuu na popoo. Yeye akapewa majani kumi na popoo chache, kadhi akapewa mfano wake, na yaliyobaki wakapewa wenzake na wanafunzi wa kadhi. Kisha yakaletwa marashi ya waridi kutoka Damascus. Tunaona hapa kwamba karibu miaka 700 iliyopita tambuu ilikuwa ni lugha ya ukarimu katika pwani yetu, ikitolewa mbele ya kadhi na wanafunzi wa elimu bila ya mtu kuona vibaya.

Hali ilikuwa hivyo pia ng'ambo ya bahari. Kwa Wamalay neno la kuposa mke ni "meminang", nalo limetokana na "pinang", yaani popoo, kwa sababu posa haikwenda bila ya sinia la tambuu. Kisiwa kizima cha Malaysia, Pulau Pinang, kimeitwa kwa jina la mti huo. Watu wa Bahari ya Hindi walibadilishana tambuu kama walivyobadilishana salamu.

Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha, katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba anayemuamini Mwenyezi Mungu na Siku ya Mwisho basi amkirimu mgeni wake. Wazee wetu walimkirimu mgeni kwa kile walichokijua kuwa ni kizuri. Hawakuwa na darubini za kuchunguzia chembechembe za mwili wala takwimu za mahospitali. Hukumu juu yao iko kwa Mola wao, na hukumu juu yetu sisi tuliokwisha kujua ni nyingine.

KWA NINI CHOMBO KIDOGO KIPAMBWE?

Tambuu ina mahitaji yake. Jani linatakiwa lisinyauke, kwa hiyo linahitaji mahali penye ubaridi na unyevu. Popoo ni ngumu, haikatiki kwa kisu cha kawaida bila ya kuhatarisha vidole, kwa hiyo inahitaji mkasi mzito wenye makali upande mmoja. Chokaa, inayotokana na matumbawe au makombe yaliyochomwa, huunguza ngozi, kwa hiyo lazima iwe na kikopo chake chenye kifuniko na kijiti cha kuichotea. Mzee asiye na meno naye anahitaji kinu kidogo cha kupondea, ambacho Wamalay hukiita "gobek". Mambo manne au matano, kila moja na pahali pake. Hapo ndipo mfua shaba, sonara na mchongaji walipopata kazi.

Ni kweli kwamba chombo kisicho na nakshi yoyote kingetosha kuhifadhi chokaa. Basi kwa nini fundi ashinde siku nyingi akichora jani juu ya kifuniko kisichozidi upana wa kiganja? Jawabu ni kwamba mlango wa nakshi huonekana na mpita njia akiwa mbali, lakini kijaluba hupita mkono kwa mkono. Mwenyeji hukiweka mbele ya mgeni, mgeni hukichukua, hukifungua, hukitazama kwa karibu, kisha humpa mwenzake. Kosa la fundi hapo halifichiki. Kukipamba chombo hicho ilikuwa ni namna ya kumwambia mgeni kwamba hata kitu kidogo anachopewa kimeshughulikiwa kwa ajili yake.

Jambo hili lina asili katika dini yetu. Imepokewa na Muslim kutoka kwa Shaddad bin Aws (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alifundisha kuwa Mwenyezi Mungu amelazimisha ihsani, yaani kulifanya jambo kwa uzuri na ukamilifu, katika kila kitu, hata katika kuchinja mnyama, ambapo kisu kinatakiwa kinolewe na mnyama asiteswe. Ikiwa ihsani imetakiwa kwenye ncha ya kisu, itakosaje kuwa na nafasi kwenye mfuniko wa kikopo?

MAFUNDI WA BIDAR NA TUGAYA

Nitaje mifano miwili ya mafundi wa nchi za mbali ambao kazi yao ilikulia katika mazingira ya Kiislamu, ili msomaji apime kiwango cha maarifa tunachokizungumzia.

Mfano wa kwanza ni mji wa Bidar, katika uwanda wa Deccan huko India, uliokuwa makao makuu ya masultani wa Bahmani katika karne ya 15. Mji huo umetoa jina la kazi inayojulikana kuwa ni bidri, na miongoni mwa vyombo vinavyotengenezwa kwa njia hiyo ni masanduku ya tambuu. Fundi huyeyusha zinki nyingi pamoja na shaba kidogo, akamimina katika kalibu. Chombo kikipoa hukisugua, kisha kwa tindo nyembamba huchimba mifereji ya maua, majani na mizabibu. Ndani ya mifereji hiyo hupigilia nyuzi au vipande vyembamba vya fedha mpaka vikashikana na chombo. Mwisho kabisa hukipaka udongo maalumu, ambao kwa desturi huchukuliwa katika ngome kongwe ya Bidar, uliochanganywa na chumvi ya nushadiri. Udongo huo huigeuza zinki kuwa nyeusi kama usiku, lakini fedha haiigusi. Maua meupe hubaki yanang'aa juu ya weusi, kama nyota.

Mfano wa pili ni mji wa Tugaya, kando ya ziwa Lanao katika kisiwa cha Mindanao, kusini mwa Ufilipino. Huko wanaishi Wamaranao, watu wa Kiislamu wenye sifa kubwa ya kufua shaba. Fundi hutengeneza kwanza mfano wa kitu kwa nta, akaufunika kwa udongo, akauchoma. Nta huyeyuka na kutoka, na mahali pake humiminwa shaba iliyoyeyushwa. Ndivyo yanavyopatikana masanduku yao ya tambuu yenye vyumba vya ndani, kimoja cha jani, kimoja cha popoo, kimoja cha chokaa na kimoja cha tumbaku. Nakshi yao huitwa "okir". Ni mikunjo ya majani ya jimbi, vikonyo na maua, yanayofuatana bila kukatika. Hata yule nyoka mkubwa wa hadithi za kale za visiwa hivyo, kwa jina la naga, mara nyingi amekunjwa na kulainishwa mpaka mtazamaji haoni nyoka bali huona utambaazi wa mmea.

Hapa pana funzo la kisheria. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba mtu mmoja alimjia Ibn Abbas (R.A.) akamwambia kwamba riziki yake yote hutokana na kazi ya mikono yake, nayo ni kutengeneza picha. Ibn Abbas akamuonya juu ya picha za viumbe vyenye roho, lakini alipoona jinsi yule mtu alivyofadhaika hakumwambia aache ufundi wake. Alimuelekeza kwenye miti na kila kisicho na roho. Tazama hekima ya mwanachuoni huyu: alimzuia mtu na kosa, lakini mkono wake wenye ujuzi aliuacha uendelee kufanya kazi. Hakuna shaka kwamba katika mlango huo uliofunguliwa kwa mafundi ndimo ilimostawi nakshi ya majani na maua, kuanzia milango ya Lamu na Unguja hadi masanduku ya Tugaya.

MCHONGAJI WA KISIWANI AMBAYE JINA LAKE LIMEBAKI

Wasiokuwa Waislamu nao walikuwa na ihsani katika kazi hii, na ukweli hausemwi nusu. Kusini-mashariki mwa Papua New Guinea, katika visiwa na pwani za Milne Bay, wataalamu wa sanaa hulitaja eneo hilo kwa jina la Massim. Watu wa huko huchota chokaa kwa kijiti bapa kinachochongwa kwa mpingo au kwa mbao nyingine ngumu, na mpini wake hutiwa nakshi za mawimbi na mikunjo. Baada ya kuchonga, mfereji wa nakshi hujazwa chokaa ile ile inayotafunwa, na michoro ikaonekana meupe juu ya mti mweusi.

Wachongaji wengi wa Massim hawajulikani majina. Mmoja anayejulikana ni Mutuaga, wa nchi ya Suau, aliyeishi takriban kati ya miaka ya 1860 na 1920. Mtafiti Harry Beran alifuatilia kazi zake zilizotawanyika katika makumbusho, akaandika kitabu kizima juu yake kilichotoka mwaka 1996. Mutuaga alichonga pia sura za watu waliochutama kwenye mipini, na hilo sisi tunalo katazo lake, hatulifuati. Lakini jambo la kuzingatia ni hili: mtu wa kijijini aliyechonga vijiti vya chokaa alikumbukwa kwa jina miaka mingi baada ya kufa kwake, kwa sababu tu aliifanya kazi yake vizuri kuliko ilivyohitajika. Je, ni nani kati yetu anayeweza kumtaja fundi aliyekichora kijaluba cha bibi yake? Kazi iko mikononi mwetu, na aliyeifanya tumemsahau.

TUSEME UKWELI JUU YA POPOO

Sasa tuingie katika sehemu ngumu ya mazungumzo. Popoo si tunda la kuchezea. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilithibitisha mwaka 1985 kwamba tambuu yenye tumbaku husababisha saratani kwa binadamu. Wapo waliojipa moyo wakasema, basi sisi tutatafuna bila ya tumbaku. Mwaka 2004 shirika hilo hilo likatoa tathmini nyingine, kwamba tambuu isiyo na tumbaku nayo husababisha saratani, na popoo yenyewe ikawekwa katika kundi la kwanza la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Utafiti wa shirika hilo uliochapishwa mwaka 2024 ulikadiria kwamba, kati ya wagonjwa wapya 389,800 wa saratani ya kinywa waliogunduliwa duniani mwaka 2022, takriban 120,200 walitokana na tumbaku isiyo ya moshi na popoo. Hiyo ni karibu theluthi moja.

Kabla ya saratani kuna dalili. Nyama za ndani ya mashavu hukakamaa mpaka mtu akashindwa kupanua kinywa chake kula tonge la wali. Hutokea mabaka meupe au mekundu, au kidonda kisichopona kwa wiki mbili na zaidi. Mwenye kuona dalili kama hizo, kwa nafsi yake au kwa mzazi wake, asisubiri wala asione haya. Amuone daktari mapema, kwani kutafuta dawa ni katika mafundisho ya Mtume (S.A.W.).

Baada ya elimu hii kutufikia, hoja ya kwamba "wazee walitafuna" haina nguvu tena. Mwenyezi Mungu ametutahadharisha katika Suratul Baqara, aya ya 195, tusijitupe wenyewe kwa mikono yetu katika maangamizo. Na kanuni mashuhuri ya sheria, iliyotokana na hadithi, inafundisha kwamba haifai kujidhuru wala kuwadhuru wengine. Mama anayemtafunia mwanawe aonje, au baba anayemtuma mtoto dukani kumnunulia, naye aingie katika kanuni hiyo.

Lugha yetu wenyewe imekwisha kutoa ushahidi. Zamani neno "uraibu" lilikuwa ni jina la ile tambuu na viungo vyake, vilivyoandaliwa kwa ajili ya kutafunwa. Leo neno hilo hilo tunalitumia kwa kila mazoea yanayomfunga mtu asiweze kuyaacha, pamoja na dawa za kulevya. Waswahili waliotafuna ndio waliolipeleka neno huko, na ni nani aijuaye tambuu kuliko wao?

Aidha tutazame jinsi popoo inavyowafikia watoto wetu siku hizi. Haiji tena ndani ya kijaluba cha nakshi mbele ya wageni. Huja katika vipakiti vidogo vya popoo iliyosagwa, iliyotiwa sukari na manukato, vinavyoning'inizwa dukani karibu na peremende. Hakuna mwenyeji, hakuna mgeni, hakuna heshima, na kipakiti chenyewe hutupwa mtaroni. Basi yule kijana anayetafuna akidai kwamba anahifadhi utamaduni atuambie: utamaduni huo uko wapi katika kipakiti cha plastiki? Kilichokuwa na thamani kimeachwa, na kilichokuwa na madhara kimeendelezwa.

MWENYE KUVIRITHI AFANYE NINI?

Baada ya kutenganisha chombo na kilichomo, sasa tunaweza kulijibu swali la familia kwa utaratibu.

Kwanza, vyombo hivi ni mali ya mirathi. Imekuwa ni mazoea kwamba aliyekuwa karibu na marehemu hukichukua kijaluba kimya kimya kwa kusema kuwa ni kitu kidogo. Suratun Nisaa, aya ya 7, imewathibitishia wanaume na wanawake mafungu yao katika kilichoachwa na wazazi na jamaa, kiwe kichache au kingi. Kwa hiyo vithaminiwe na mtu anayejua thamani yake, viingizwe katika hesabu baada ya madeni na wasia, kisha vigawanywe. Warithi watu wazima wakiridhia kumuachia mmoja wao, ni wema, lakini fungu la yatima aliye mdogo halitolewi kwa ukarimu wa wakubwa.

Pili, kitazamwe kimetengenezwa kwa kitu gani. Cha shaba, mti au pembe ya mnyama wa halali hakina tatizo. Ama kilichofanywa kwa dhahabu au fedha tupu, hapo pana hukumu. Katika hadithi ya Hudhayfa (R.A.), waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) amekataza kula na kunywa katika vyombo vya dhahabu na fedha. Wanazuoni walio wengi wameyaingiza matumizi mengine katika katazo hilo, na katika madhehebu ya Imamu Shafi kauli yenye nguvu inazuia hata kuviweka tu nyumbani. Wapo wanazuoni walioona kwamba katazo linahusu kula na kunywa peke yake. Ama nakshi ya fedha juu ya chombo cha madini nyingine, wametofautiana kulingana na wingi wake na haja yake. Kwa wenye kufuata Shafi, njia iliyo salama ni kukiuza, au kumpelekea sonara akifanye bangili au kidani, kwani mapambo ya fedha ni halali kwa wanawake. Lakini nasihi: kabla ya kuyeyusha, ipigwe picha nakshi yake kila upande, na sonara aombwe aichore upya juu ya bangili. Hivyo fedha itabadilika umbo na kazi ya fundi wa kale haitapotea. Na mwenye kumiliki fedha inayofikia nisabu, ambayo wanazuoni wengi wa leo wanaikadiria kuwa gramu 595, na ikapitiwa na mwaka, asisahau zaka yake.

Tatu, itazamwe nakshi yenyewe. Majani, maua na mistari havina neno. Ikiwa mpini wa mkasi una kichwa cha farasi au ndege, kama ilivyo katika baadhi ya mikasi ya Java na India, basi tukumbuke kisa cha mama wa waumini Aisha (R.A.), kilichomo katika Bukhari na Muslim. Alikuwa na pazia lenye picha, Mtume (S.A.W.) akalichukia. Hakulichoma wala hakulitupa. Aisha (R.A.) alilikata, akalifanya mito ya kuegemea. Kitu kikaondolewa katika hali isiyofaa, kikatiwa katika hali inayofaa, na mali haikupotea.

Nne, na hili ndilo kubwa, chombo kipewe kazi mpya. Kisa cha pazia ni dalili tosha kwamba kubadilisha matumizi ni bora kuliko kuharibu. Kijaluba cha shaba kikisafishwa vizuri mabaki ya chokaa na tumbaku kinafaa kuwekewa udi na ubani, sindano na nyuzi, au funguo za nyumba. Sinia la tambuu libebe tende na kashata mbele ya wageni siku ya Idi, na kikopo cha chokaa kiwe cha wanja. Shaba tupu isitiwe vitu vichachu, kwani huliwa na uchachu na kudhuru chakula. Watoto wanapokiona chombo hicho wataulizia, na hapo mzazi apate nafasi ya kuwaeleza mambo mawili kwa pamoja: ukarimu wa babu zao, na sababu ya sisi kuiacha popoo. Asiyekihitaji nyumbani asikiuze kwa kilo. Akipeleke kwa mnunuzi mwaminifu anayeijua thamani ya nakshi, au akiweke kwenye makumbusho pamoja na jina la mwenyewe na mji aliotoka.

Tano, tuwakumbuke mafundi walio hai. Nakshi haihifadhiwi kwa kufungiwa kabatini tu, bali kwa kuagizwa upya. Bado wapo wachongaji katika pwani yetu wanaojua kuchora jani juu ya mti. Tuwape kazi ya kututengenezea marfaa za kuwekea Msahafu, mbuzi za kukunia nazi, masinia ya kahawa na masanduku ya vitabu vya watoto. Anayelalamika kwamba ufundi umekufa, huku nyumba yake yote imejaa vyombo vya plastiki, amlaumu nani? Katika Suratul A'raf, aya za 31 na 32, Mwenyezi Mungu ametuelekeza tuyachukue mapambo yetu tunapokwenda kusali, akatukataza israfu, na akawakemea wanaoharamisha mapambo aliyowatolea waja wake. Njia yetu iko katikati: hatuikimbii zina ya halali, wala hatuifanyi kuwa kisingizio cha ubadhirifu au madhara.

Ndugu Waislamu, kila kizazi hupokea kutoka kwa kilichotangulia mzigo uliochanganyika. Mwenye akili haubebi wote wala hautupi wote, bali huufungua na kuchagua. Wazee wetu walituachia popoo, na hiyo tumekwisha kuijua madhara yake. Lakini walituachia pia mkono uliozoea kupamba kitu kidogo kwa ajili ya mgeni, na mkono huo ukiacha kufundishwa hautarudi kwa kununuliwa dukani. Ijumaa ya leo, baada ya sala, ukifika nyumbani fungua kasha. Kitoe kijaluba, kisafishe, uwaite watoto wakitazame. Kisha mwambie yule anayetafuna katika nyumba yako, kwa upole na bila ya kumtahayarisha, kwamba unampenda na unataka kumuona akiwa na afya.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kuyafanya mambo yetu kwa ihsani, awaponye wagonjwa wetu, na awarehemu waliotutangulia.

Wabillahi tawfiq.